Nyani Walivyomjua Esperansi

Gobore liliingia nyumbani kwa Anakleti Nijimbere tarehe 8 Oktoba 2016, Jumamosi, saa nane mchana. Tarehe naijua kwa sababu hati ya makabidhiano niliiandika mimi, na mimi ndiye niliyetia saini upande wa shahidi. Mkewe, Esperansi, alikuwa uani anapepeta maharage. Alipoona kitu kirefu kimefungwa kwa gunia kinashushwa kwenye baiskeli, aliweka ungo chini, akaingia jikoni na kuvuta mlango.

"Mama Dismasi," Anakleti akaita, "toka basi umsalimie mgeni."

"Mgeni ni wako," akajibiwa kutoka ndani. "Msalimie mwenyewe. Na alale huko huko nje."

Anakleti alicheka, akaniangalia kama mtu aliyetarajia hivyo.

Sisi wa Ulyankulu wazazi wetu walivuka kutoka Burundi mwaka 1972. Kwa zaidi ya miaka arobaini tuliitwa wakimbizi, na mkimbizi haruhusiwi silaha yoyote. Tulipopewa vyeti vya uraia, kila mtu alikuwa na jambo lake la kwanza. Wengine walisafiri kwenda kuona Dar es Salaam bila kuomba kibali cha kutoka makazini. Jirani yangu Raymundi aligombea ujumbe wa serikali ya kijiji, akashindwa, akafurahi vilevile. Anakleti aliomba leseni ya gobore. Ombi lake lilipita mkutano wa kijiji, likaenda kata, likaenda wilaya, likarudi kuongezewa picha, likaenda tena. Mihtasari ya mkutano wa kijiji naandika mimi, na siku ile niliandika: mikono arobaini na mmoja imekubali, hakuna aliyekataa. Esperansi alikuwepo mkutanoni. Hakunyoosha mkono wakati wowote.

Gobore lenyewe alilinunua Tabora mjini kwa mzee Hamdun, ambaye babu wa babu yake alilipata enzi za misafara ya wapagazi, wakati kila msafara ulioingia mjini ulipiga baruti hewani kujitangaza. Mtutu wake ni mrefu kuliko mtoto wa darasa la nne. Linashindiliwa kwa mdomoni: kwanza baruti, kisha kizibo cha nyuzi za gome la mti, kisha vipande vya chuma, kisha kizibo kingine, na mwisho fataki ndogo chini ya nyundo. Ukishapiga mara moja unaanza upya, na anayejua kazi hutumia karibu dakika mbili.

Alilitaka kwa ajili ya shamba. Wana ekari mbili za mahindi na maharage, na upande wa kaskazini shamba linagusana na msitu. Hicho ndicho chakula chao cha mwaka mzima. Watoto wao wanne wamekwenda mbali. Mkubwa, Dismasi, yuko Mpanda na familia yake. Nyumbani wamebaki wawili. Na mahindi yanapoanza kuweka maziwa, mwezi wa tatu, nyani hushuka.

Asiyelima kando ya msitu hawezi kujua nyani anavyomsoma mtu. Mwanamume akiingia shambani, nyani hupanda juu ya miti na kupiga kelele. Mwanamke akiingia, hawapandi. Wanamtazama. Mwanamke atapiga debe, atarusha mawe, atatukana mpaka sauti ikauke, na dume kubwa litaendelea kumenya hindi mbele yake, taratibu, kama mkwe aliyekaribishwa. Wake zetu wamekwisha kulia kwa hasira mbele ya nyani. Mbwa hawasaidii, nyani wawili wanamchana mbwa mmoja. Ni mwanamume tu wanayemwogopa, hasa mwenye kitu kirefu begani.

Mwaka ule wa kwanza Anakleti alipiga mara sita, baruti tupu bila chuma, na magunia waliyovuna yalikuwa mengi kuliko yangu. Leseni ilisema kufukuza, si kuwinda, naye alikuwa mtu wa kufuata karatasi.

Esperansi alikuwa na miaka miwili mwaka 1972. Mama yake alivuka naye mgongoni. Baba yake alibaki mlangoni. Hakumbuki kitu, husema mwenyewe. Lakini sufuria ikianguka jikoni, anashika shingo yake kwa mikono yote miwili kabla hajajua ni nini. Kwa hiyo Anakleti alipotundika gobore chumbani kwenye vigingi viwili, yeye alihamishia mkeka wake chumba cha pili, kwenye magunia ya karanga. Miezi minane walilala hivyo. Mke wangu alijaribu kumsihi.

"Mama Dismasi, mume analala peke yake?"

"Halali peke yake. Yuko na yule mwenzake ukutani."

Aliporudi chumbani ilikuwa Juni 2017. Sababu aliyotoa ni kwamba panya wa kwenye karanga wamezidi. Hakuna aliyemuuliza zaidi. Lakini upande wa ukuta wenye vigingi alikuwa hafagii, na vumbi lilijaa pale chini kama unga.

Macho ya Anakleti yalianza kumwacha wakati wa Kwaresima ya mwaka 2018. Mwanzo tulicheka. Jumapili moja baada ya misa alimsalimia mzee Justus kwa heshima zote, akauliza habari za ng'ombe, akangoja jibu. Kulikuwa na koti tu, limetundikwa kwenye nguzo. Aliposhikwa bega na kuelezwa, alicheka kuliko sisi. Baadaye alianza kukosea mlango wa nyumba yake. Mwaka 2019 Esperansi alimpeleka hospitali Tabora, na mimi niliwasindikiza kwa kuwa nasoma maandishi ya madaktari. Daktari alisema ni presha ya macho, imeshakula mishipa, na kilichokwenda hakirudi. Alimpa dawa ya matone ya kulinda kilichobaki. Tulirudi kwa basi mpaka Urambo. Hapo Anakleti akamgusa mkewe gotini.

"Leseni wanaangalia macho?"

"Baba Dismasi, umeambiwa unapofuka, unauliza leseni?"

"Nauliza tu."

Msimu uliofuata alishindilia baruti mara mbili. Alisahau kwamba alikwisha kumimina, na macho hayakumkumbusha. Gobore lilipiga teke likamwangusha chali, bega likavimba wiki tatu. Esperansi alimkanda kwa maji ya moto. Bega lilipopona, alichukua kifuniko cha chupa ya soda, akakitoboa pembeni, akakifunga kwa uzi kwenye shingo ya kibuyu cha baruti.

"Kifuniko kimoja," alimwambia. "Nitamimina mimi. Wewe utashindilia."

"Utaweza kukaa karibu nalo?"

"Nitakaa karibu na wewe."

Hivyo ndivyo alivyoanza. Nilikuwa nawaona kwenye dungu, lile jukwaa la miti wanalokaa kulinda mahindi, yeye ameugeuzia mtutu kisogo, mkono mmoja umenyooshwa nyuma na kifuniko cha baruti, kama mtu anayemlisha ng'ombe mkali. Mwaka mmoja baadaye alikuwa hageuzi tena kisogo. Alikuwa anachana nyuzi za gome kwa meno, anazisokota vizibo, anazipanga kwenye kikapu chake cha kusukia. Vumbi la chini ya vigingi liliisha. Nilimkuta siku moja amelilaza gobore mapajani, analipaka mafuta ya karanga kwa kitambaa cha kanga ya zamani, anaimba wimbo wa kwaya kwa sauti ya chini.

"Mgeni amekuwa mwenyeji," nikamtania.

"Linashika kutu," akasema. "Chuma hakina kosa."

Bado Anakleti ndiye aliyepiga. Alikuwa anaona mwanga na kivuli tu. Esperansi alisimama nyuma yake, akawa macho yake: kushoto kidogo, juu, hapo hapo. Alisogeza mtutu kwa ncha ya kidole. Tarehe 19 Machi 2021 waliweka chuma, kwa sababu dume moja lilikuwa limezoea moshi mtupu. Anakleti aligeuka wakati mkewe bado anasema. Mimi nilikuwa kwangu, ng'ambo ya njia, nafunga mgomba. Nilisikia kitu kikipita kwenye majani juu ya kichwa changu, kisha mlio. Jani lilikatika katikati, likaning'inia.

Walikuja wote wawili kabla jua halijazama. Anakleti alisimama mlangoni pangu, kofia mkononi, uso wake umeelekea nilipokuwa nimekaa mwanzo, siyo nilipokuwa nimesimama.

"Jirani, nisamehe."

Nilimwambia yameisha. Esperansi hakuniomba msamaha. Alikuwa anaangalia urefu wa lile jani kutoka ardhini, kisha akaangalia urefu wangu.

Kesho yake ulisikika mlio mmoja asubuhi. Nilipotoka nilimwona dunguni mtu mwenye koti la Anakleti na kofia ya Anakleti. Anakleti mwenyewe alikuwa amekaa chini ya dungu, kichwa wazi, mikono magotini.

Kwa miezi mingi Esperansi hakupanda dungu bila lile koti. Nyani waliona koti na kofia, wakapanda miti kama kawaida. Alinieleza hesabu yake: bega lake ni dogo, kwa hiyo alishonea kipande cha godoro ndani ya koti; mtutu ni mzito, kwa hiyo aliuegemeza kwenye ubao. Anakleti alimfundisha yote kwa maneno na kwa kumpapasa viwiko. Alikuwa mwalimu mzuri. Alijua kila pumzi ya lile gobore, na kwa kuwa haoni, hakuacha jambo hata moja bila kulisema.

Februari 2022 jua lilikuwa kali, akavua koti. Akapanda na kitenge chake na kilemba. Nilikuwa kwenye mstari wangu wa mwisho wa mahindi, nikaacha jembe kutazama. Nyani walikuja mpaka ukingoni, wakaona kitenge, wakaendelea kuja. Dume lilikaa kwenye kichuguu na kujikuna. Esperansi alingoja. Halafu moshi ukatoka, na nyani wote wakarudi msituni wakipiga kelele ambazo sijawahi kuzisikia kwa ajili ya mwanamke. Baada ya wiki mbili ilitosha yeye kutokea njiani na ndoo kichwani, hana chochote mkononi. Walipanda miti. Wanawake wengine walikuwa wanamwomba apite mashambani mwao.

"Mama Dismasi, pita tu, hata kama una haraka."

"Nipite? Mimi ni kengele ya kanisa?"

Lakini alipita. Alipenda kupita.

Aprili mwaka ule alimuua dume aliyemchana mbwa wa Raymundi. Hatua arobaini; nilizihesabu baadaye. Alishuka, akamwendea, akamgeuza kwa mguu. "Mkubwa kweli," akasema, akaenda nyumbani kumalizia kubangua karanga. Anakleti alibaki nami pale.

"Amelia?" akaniuliza.

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Amesema ni mkubwa."

"Miaka sita nimemwomba Mungu amwondolee hofu," akasema. "Sasa mimi ndiye naogopa likipigwa. Sijui linaelekea wapi."

Nilimweleza siku hiyo kwamba jambo hili linahitaji karatasi. Leseni ni ya Anakleti. Esperansi akikutwa nalo mkononi, ni kesi. Kuna utaratibu wa kumhamishia mwenza. Niliahidi kuandika barua, mkutano wa kijiji ungepitisha siku moja. Alisikiliza, akatikisa kichwa.

"Niandike kwamba sioni?"

"Ndivyo ilivyo."

"Ile ndiyo karatasi ya pili niliyopewa na nchi hii yenye jina langu. Ya kwanza ni cheti. Nikishakufa, mpe."

Nilimwambia Esperansi. Naye akasema tusimlazimishe. Nilikaa na karatasi nyeupe mwaka mzima na nusu.

Oktoba 2023 lilikuja tangazo: wenye silaha wote wafike kituo cha polisi na silaha zao na leseni zao kwa uhakiki, mwenye leseni afike mwenyewe. Siku yetu ilipangwa Jumanne tarehe 14 Novemba. Nilikwenda kwa Anakleti tena. Nilimwambia ndiyo nafasi, aseme ukweli pale mezani, aombe kumhamishia mkewe, watamwelewa.

"Nitahakikiwa kama wengine," akasema.

Basi walifanya mazoezi. Esperansi alimsomea namba ya kwenye mtutu mpaka akaikariri, tarakimu zote saba, kama anavyokariri Salamu Maria. Alimtengenezea meza kwa magunia, akamzoesha kufika, kuweka gobore, kuchukua kalamu. Alifunga uzi kwenye kona ya leseni ili ajue upande wa juu. Nilikuwepo, na sikuwa na la kufanya ila kushika upande wa pili wa uzi.

Kituoni tulikuta foleni ya watu kama ishirini na magobore yao, na wawili watatu wenye shotgani. Aliyekuwa mezani ni koplo wa kike, Amne, kijana mwenye sauti ya upole, anawaamkia wazee kwanza ndipo anauliza leseni. Esperansi ndiye aliyebeba gobore njia yote, limefungwa kwenye kitenge. Foleni ilipokaribia alilifungua, akamkabidhi mumewe. Alilikabidhi mdomo ukiwa chini, kidole gumba kimezuia nyundo. Koplo aliinua macho, akaiangalia ile mikono, akarudi kwenye daftari.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, afande."

Anakleti alifika mezani bila kujikwaa. Koplo alimwomba aonyeshe kwamba halina kitu ndani. Alichomoa ule ufito wa chuma wa kushindilia, akauachia ndani ya mtutu, ukalia chini kabisa kwa sauti safi. Hakuna mtu kwenye foleni aliyefanya vizuri kama yeye. Mzee mmoja nyuma yangu alisema, "Huyo ni fundi."

"Vizuri, mzee wangu. Sasa nisomee namba yako hapo kwenye fomu, nihakikishe nimeiandika sawa."

Akamsogezea fomu. Anakleti aliinama, akapitisha kidole kwenye karatasi, akasoma tarakimu saba kwa sauti ya msomaji wa kanisani, bila kukosea hata moja. Koplo akaitazama fomu. Ilikuwa ya mtu aliyetangulia. Yetu alikuwa bado ameishika mkononi.

"Samahani, mzee. Nimekupa ya mwenzako."

Waliokuwa karibu wakacheka, wakidhani mzee ana utani. Koplo hakucheka. Alivua kofia, akaiweka kwapani.

"Mzee wangu, nimevaa kofia au sijavaa?"

Nilimwona Anakleti akisikiliza, akitafuta upande wa sauti.

"Umevaa," akasema. "Imekupendeza."

Hakuna aliyecheka tena. Koplo alisimama, akamshika mkono, akamkalisha kwenye benchi. Alizungumza kwa kunong'ona, lakini nilikuwa karibu. Alisema sheria haimpi njia. Silaha itabaki kituoni. Kisha akamgeukia Esperansi.

"Mama, inaweza kuhamishiwa kwa mwenza, kama ana uwezo wa kuitunza. Nitaandika maelezo yangu leo hii, yaende pamoja na ombi. Nimeona ulivyoishika. Ulishawahi kuitumia?"

Esperansi alifungua mdomo. "Mimi, mwanangu..."

"Huyu?" Anakleti akadakia, akacheka kwa nguvu. "Afande, huyu akiiona anaruka. Miezi minane alinikimbia akalala na karanga. Muulize karani wetu."

Koplo akaniangalia. Nikimwambia anaitumia, nimemshtaki Esperansi mbele ya polisi, kwa kosa aliloliendeleza miaka miwili na zaidi. Nikimwambia haitumii, nimeungana na mumewe. Esperansi alikuwa ananitazama, na sikuweza kujua anataka niseme lipi.

"Sijamwona," nikasema.

Koplo alingoja kidogo, kama anayetupa nafasi. Halafu akaandika. Naweza kusoma maandishi yaliyogeuzwa juu chini. Ni mazoea ya kazi. Aliandika: *mke hana uzoefu wa silaha*. Gobore lilipelekwa chumba cha ndani, na tukapewa stakabadhi.

Tulirudi kwa miguu. Esperansi alikuwa amekikunja kitenge kitupu, amekibana chini ya mkono.

"Kwa nini ulisema vile?" akamuuliza mumewe.

"Ulitaka wakufunge?"

"Yule binti hakuwa na nia ya kunifunga."

"Wewe unajuaje?"

"Ni hilo tu?" akauliza.

Anakleti alikuwa ameshika bega la mkewe, anatembea nyuma yake nusu hatua. Hakuliachia mpaka nyumbani.

Ombi la Esperansi niliandika wiki ile ile, karatasi tatu. Mkutano wa kijiji ulipitisha, mikono hamsini na sita. Januari likarudi kutoka wilayani: maelezo ya kituo yanasema mwombaji hana uzoefu, kwa hiyo apate kwanza mafunzo yanayotambulika na cheti chake. Mafunzo ya namna hiyo hayapo huku kwetu. Niliandika barua ya pili kueleza, nikaikuta haielezi kitu, kwa sababu kila sentensi yenye ukweli ilikuwa inamtia hatiani yeye au kunifanya mimi mwongo. Niliipeleka hivyo hivyo. Mpaka leo haijajibiwa.

Anakleti na mkewe walipanda mbegu Desemba kama kila mwaka. Mvua ilikuwa nzuri, mahindi yakapanda juu ya kichwa. Tarehe 11 Machi 2024 nyani walishuka mara ya kwanza. Esperansi alipanda dungu na mpini wa jembe, akauweka begani. Wakapanda miti. Walikuwa bado wanamjua.

Siku sita walikaa juu ya miti na kumtazama. Siku ya saba jike moja lenye mtoto lilishuka mpaka kwenye kichuguu. Esperansi akainua mpini, akalaza shavu kama anayelenga, jike likakimbia. Siku ya nane halikukimbia mpaka alipopiga kelele. Siku ya tisa walishuka saba, wakakaa mstari mmoja ukingoni wanamwangalia, na mimi nilielewa kwamba wanasubiri moshi. Moshi haukutoka. Nilikwenda na debe langu, na Raymundi akaja na lake, tukapiga mpaka adhuhuri. Lakini kila mtu ana shamba lake, na huwezi kuwa kwa jirani kila siku.

Jumamosi ya wiki ile nilipita kuwaona saa tatu asubuhi. Anakleti alikuwa amepanda dunguni, amekaa kando ya mkewe, koti amevaa. Mpini ulikuwa chini, umeegemezwa kwenye ngazi. Nyani walikuwa ndani ya shamba, hata sikuweza kuwahesabu, wa karibu zaidi wakiwa hatua kumi na tano kutoka miguu ya dungu. Walikuwa wanavunja mahindi, wanayabana kwapani, wanaangusha mengine, wanavunja mengine. Mabua yalikuwa yanalia kila upande.

"Wako wapi?" Anakleti akauliza.

Esperansi aliniona. Hakunipa ishara yoyote.

"Bado mtini," akasema.

Bua lilivunjika karibu kabisa, chini yao. Uso wa Anakleti uligeukia pale pale palipolia, ukakaa hapo muda, kisha akaugeuzia upande mwingine, kwenye msitu.

"Mbali?"

"Mbali."

"Basi," akasema, akavuta koti.

Nilisimama kidogo na debe langu mkononi. Nilitaka kulipiga, halafu nikaona nikilipiga nitakuwa nimemwambia Anakleti. Nyani wengine walikuwa wameshavuka njia kwenda kwangu. Nikageuka nikawafuata.